Kiti cha Nyuma

Kaloleni, Voi
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Nakuandikia nikiomba karatasi hizi zikukute umeamka na nguvu, goti halikusumbui, na dada Abigael amekupikia zile ndizi za Mahoo unazozisifu mbele ya kila mtu kana kwamba sisi wa Voi tunakula mawe. Shemeji na wajukuu wa huko nao hawajambo? Hapa kwetu ni wazima. Tom anakusalimu sana na anasema ile drafti uliyomshinda Krismasi haikuwa halali, kwa hiyo mtarudiana. Sharon yuko mwaka wa pili chuoni na siku hizi anajibu kwa Kiingereza hata akiulizwa kama amekula. Mvua imetubariki, mpaka vumbi la Kaloleni limekubali kulala.

Ningekupigia simu, lakini mimi na wewe tunajuana. Kwenye simu unasikia nusu, na ili usikie hiyo nusu lazima nipige kelele hadi majirani watoke nje. Mambo niliyo nayo hayafai kupigiwa kelele. Isitoshe, Baba, nimejaa furaha kiasi kwamba nikianza kusema nitaruka hapa na pale hadi usielewe kitu. Kalamu itanituliza kidogo.

Nina ombi moja tu kabla sijaanza. Barua hii isome kutoka mwanzo. Najua unavyosoma gazeti: unaanza nyuma kwenye matangazo ya vifo, kisha unarudi kwenye siasa kutafuta wa kumlaumu. Ukifanya hivyo hapa utaniharibia. Na usimpe Abigael akusomee. Vaa miwani, funga mlango, usome mwenyewe.

Unamkumbuka Derrick, mwalimu mwenzangu wa fizikia? Yule mrefu aliyekuja kwenye mazishi ya shangazi Rachel akarudia wali hadi wapishi wakaanza kumtania. Basi Derrick ana ugonjwa wa ndege. Simaanishi ndege wa manyoya, namaanisha ndege za chuma. Yeye akisikia mlio angani hutoka darasani katikati ya somo, na wanafunzi wameshamzoea. Mwaka jana alianza kuandikiana na watu fulani wa ng'ambo ambao starehe yao ni kutafuta ndege za vita zilizoanguka zamani milimani na jangwani. Mmoja wao akamuuliza kama anajua lolote kuhusu ndege ndogo ya kijeshi iliyotoka Mombasa kuja Voi wakati wa vita vya pili, vile vya Wataliano, ikapotea kwenye ukungu na kugonga mlima Kasigau. Walichojua ni kwamba ilikuwa na rubani peke yake, kijana mdogo, na kwamba wanajeshi walikwenda wakachukua mwili wake. Mabaki ya ndege yenyewe yaliachwa huko juu, na hakuna mtu aliyewahi kwenda kuyapiga picha wala kuyapima.

Derrick alikuja kwangu wakati wa chai, akitaka mtu anayeweza kusoma ramani. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Baba, miaka yote hii ninawafundisha watoto wa watu jiografia, nachora milima ubaoni kwa chaki, na milima yenyewe naiona kupitia dirishani. Nilisikia damu ikichemka kama msichana. Tom aliniuliza kama nimesahau umri wangu, nikamwambia ndiyo, nimesahau, na asinikumbushe.

Tulianza kwenda Rukanga, kijiji cha chini ya mlima, kila Jumamosi. Tulidhani itakuwa kazi rahisi, tutauliza wazee, tutaonyeshwa njia, tutapanda. Wapi! Kila tuliyemuuliza alisema hajawahi kusikia habari ya ndege. Mama mmoja alituambia hivyo huku kuku wake wakinywa maji kwenye kipande cha bawa chenye misumari ya ribiti iliyopangwa mstari. Mwingine alikuwa amefunika mzinga wa nyuki kwa bati jepesi ambalo hata mimi nisiyejua ndege niliona halikununuliwa dukani. Nilipomuuliza limetoka wapi, alisema amelikuta. Derrick alikuwa karibu kulia.

Aliyetusaidia ni Crispus, askari wa msitu wa kijiji, baba wa watoto wanne, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Alituambia tusichukie. Akatukumbusha jambo ambalo hata mimi nalifundisha lakini sikuwa nimelifikiria likiwa na miguu na mikono. Wakati wa vita vya kwanza, Wajerumani waliukamata Kasigau, na Mwingereza aliporudi aliwashuku wenyeji kwamba ndio waliotoa habari. Kijiji kizima kilihamishwa pwani, wazee kwa watoto, na wengi walikufa huko kwa homa na njaa. Waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi. Crispus alisema tangu hapo watu wa kwao wana sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: mtu akija kuuliza habari za vita, anaambiwa bei ya kunde.

Basi tukaacha kuuliza. Tukaenda ibada nao, tukanunua kunde, Derrick akarekebisha redio na taa za sola za nusu ya kijiji. Siku moja Crispus akasema tu, bila kuombwa, kwamba Jumamosi ijayo tuje na viatu vizuri.

Baba, ule mlima ni mkali! Ukiuona kutoka barabarani unasema ni kilima cha kawaida. Chini kuna miiba na jua la kukausha ulimi, halafu ghafla unaingia msituni, baridi inakushika masikio, na miti yote imevaa kuvumwani kama imevaa sweta. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu, mara namwona Derrick, mara simwoni, namsikia tu akihema kama gari lililokosa maji. Niliteleza mara nyingi hata nikaacha kuona aibu. Tulipofika karibu na kilele, Crispus akasimama, akafyeka majani kwa panga, akasogea kando.

Injini ilikuwa pale. Imelala ubavu kwenye jiwe, imeota kuvumwani, na mzizi wa mti umepita katikati yake na kutokea upande wa pili. Nilipiga kelele! Derrick hakupiga kelele, alipiga magoti akaikumbatia ile injini na kuibusu, na hakujua kuwa siafu walikuwa wamejaa ndani. Alivua shati mbele yangu bila kuomba radhi, akaruka-ruka akijipiga, huku anacheka na kulia pamoja. Crispus aliketi chini kwa kucheka. Hata sasa ninapoandika nacheka peke yangu na Tom ananitazama.

Tulifanya kazi mchana wote. Tulipima, tukapiga picha, mimi nikachora ramani ya kila kipande kilipolala. Kidogo kidogo ile ndege ikaanza kuonekana: hapa bawa liligonga kwanza, hapa mkia ulikatika, hapa kifua kiliteleza juu ya jiwe. Derrick akanionyesha sehemu ya kukaa. Ilikuwa ndege ya viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Kiti cha rubani kilikuwa mahali pake, kimebanwa na kuliwa na kutu. Kiti cha nyuma hakikuwepo.

Derrick alisema watu walikichukua kama walivyochukua mabati. Lakini mimi nilikuwa nimepiga magoti pale, na nikaona vyuma vilivyokishika vilikuwa vimekatwa kwa panga, pigo juu ya pigo, na ubavu wa ndege umekunjwa kutoka ndani kwenda nje. Mtu anayetaka bati hachagui kitu kilichojificha zaidi wakati mabati ya bure yametapakaa kila mahali. Niliwauliza, kama rubani alikuwa peke yake, nani alihangaika hivyo na kiti kisichokaliwa na mtu? Crispus akafuta panga lake kwa majani. Halafu akasema kile kiti anakijua kilipo, na kwamba hatasema zaidi mpaka mwenyewe akubali.

Kiti kipo Rukanga, Baba. Kimepigiliwa miguu ya mti na kimewekwa kando ya mlango wa jikoni, na juu yake huketi bibi mmoja aitwaye Wakesho, mkongwe kukuzidi, mdogo wa umbo, mkali wa ulimi. Tulimkuta anapepeta kunde. Derrick alisahau adabu zote, akachuchumaa nyuma ya bibi wa watu na kuanza kukagua ribiti, na Bibi Wakesho akamchapa na ungo. Alimwambia kama anatafuta mke aende kwa wasichana. Derrick akamweleza mambo ya makumbusho, kwamba kiti hicho kikiwekwa kwenye kioo watu watakuja kukitazama. Bibi akamjibu kwamba hicho si kiti cha kutazamwa, kilimbeba mtu. Alisema hivyo kisha akaendelea na kunde zake.

Nikaona nimpoze kwa kumsalimu vizuri na kujitambulisha inavyopasa. Nikamwambia mimi ni Mkamburi, wa Mbololo, binti ya Obadiah.

Ungo ukasimama. Akaniuliza ni Obadiah yupi. Nikasema Obadiah aliyekuwa mwalimu, mzee wa kanisa. Akauliza kama alizaliwa wakati wa vita vya Wataliano. Nikasema ndiyo. Akaniuliza Obadiah huyo ni mwana wa nani.

Baba, sasa nakuomba ushike karatasi vizuri. Unajua jina hilo halitajwi nyumbani kwetu. Mimi nililisikia mara moja tu, siku mashangazi walipokuja kukuuliza kwa nini Silvanus hakupewa jina la babu yake kama watoto wa watu wengine, nawe ukawajibu kwamba hutampa mwanao jina la mtoro. Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliyasikia yote: kwamba aliitwa vitani akawa mtu wa kujaza mafuta kwenye ndege za kijeshi Mombasa, kwamba askari walikuja Mbololo wakapekua nyumba na kumwambia nyanya kwamba mumewe ametoroka kambi, kwamba mtu fulani aliapa amemwona Tanga na mwanamke mwingine. Niliyasikia na yale ya shuleni, jinsi wenzako walivyokuimbia. Sikuwahi kukuambia kuwa nilisikia, kwa sababu siku ile sauti yako haikuwa sauti yako.

Pale Rukanga nililitamka. Nilisema, mwana wa Mwandoe.

Bibi Wakesho aliwaambia Derrick na Crispus waende wakawatazame mbuzi. Hakukuwa na mbuzi waliopotea, lakini walikwenda. Kisha akanishika mkono akaniketisha kwenye kile kiti, yeye akakaa chini kwenye mkeka, na sikuweza kumzuia. Akaniambia kwamba tangu alipokuwa msichana, kila alipokutana na mtu wa Mbololo sokoni Voi, alimuuliza kama huko kuna mtu anayeitwa Obadiah. Akiambiwa yupo, alinyamaza na kuondoka, kwa sababu baba yake, Nyambu, aliwaapisha wote nyumbani kwamba habari hiyo haitatoka. Alisema amechoka kuibeba na hataki kufa nayo.

Nakuandikia alivyonieleza, siongezi.

Alikuwa mtoto mdogo, bado ana meno ya utotoni. Walisikia mngurumo ndani ya ukungu, kisha kishindo. Nyambu na wanaume wengine wakapanda. Walimkuta Mzungu amekufa. Nyuma yake palikuwa na mtu mweusi, hai, kiuno na miguu vimevunjika, na kila walipojaribu kumtoa alilia kwa uchungu. Alilia kwa Kidawida, lugha yetu. Hapo ndipo wakakata vyuma na kumtoa pamoja na kiti chake, wakamshusha mlima mzima akiwa ameketi hivyo hivyo, mtu mmoja kila upande, wakipokezana. Waliomshusha hawakumjua. Walijua tu ni mtu wao.

Aliweza kuzungumza. Alisema anaitwa Mwandoe, wa Mbololo. Alisema mtu wa kwao alimletea habari Mombasa kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume na ameitwa Obadiah. Aliomba ruhusa ya kwenda kumwona, akanyimwa. Aliomba tena, akatishiwa. Kulikuwa na rubani kijana aliyezoeana naye, ambaye alikuwa analeta ndege Voi, akamwambia aingie kiti cha nyuma asiseme kitu, na kesho yake atamrudisha kabla hawajahesabiwa. Ndiyo maana hakuna aliyejua kuwa yumo, Baba. Kambini waliona hayupo, wakasema ametoroka. Na huku ndege imeanguka, wakasema ilikuwa na mtu mmoja.

Wanajeshi walifika Rukanga kumtafuta rubani. Wakamuuliza Nyambu kama kulikuwa na mtu mwingine. Nyambu alizaliwa kabla ya ule uhamisho wa pwani, na huko ndiko alikowazika wazazi wake wote wawili. Akawajibu kwamba ni mmoja tu. Babu alikuwa ndani, amelazwa nyuma ya ukuta, na Wakesho ameketi karibu naye kama alivyoambiwa. Ukuta ulikuwa wa udongo, kila neno lilisikika. Bibi anasema alimtazama, akifikiri sasa atapiga kelele. Babu akaweka kiganja chake juu ya mdomo wake mwenyewe, akakibana hapo mpaka wale watu walipoondoka.

Jioni yake Nyambu alimuuliza kama amemkosea. Babu alisema hapana, wakimchukua watamfunga, naye hataki kufungwa kabla ya kufika kwake. Alisema atapumzika kidogo, kisha wamtafutie punda wa kumpeleka Mbololo, na baada ya hapo wamfunge wanavyotaka. Hakupona. Aliaga dunia kabla ya wiki kuisha.

Bibi Wakesho hakujaribu kujisafisha. Aliniambia waziwazi kwamba baba yake aliishi na swali hilo hadi kufa kwake: kama angesema ukweli kwa wale wanajeshi, pengine daktari wao angemwokoa Mwandoe. Na kwamba hata baada ya kumzika aliogopa kutuma neno Mbololo, maana neno likifika Mbololo litafika kwa mkuu wa tarafa, na likifika kwake kijiji kizima kitapakiwa tena kwenye malori. Ninajua utakasirika hapa. Mimi nilikasirika. Nililia kwa hasira nikiwa nimekalia kile kiti, nikamwambia bibi wa watu kwamba baba yangu ameimbiwa nyimbo za matusi utoto wake wote kwa sababu ya neno moja ambalo halikutumwa. Hakubisha. Alisema ndiyo.

Lakini sikiliza walichofanya. Ulipopita muda wa kaburi, Nyambu alifanya yale ambayo wazee wetu walikuwa wakiwafanyia wapendwa wao, na ambayo wewe kanisani husemi hata kidogo. Alifukua, akakitoa kichwa, akakipeleka kwenye pango la ukoo wake, kati ya baba zake na babu zake. Hao wengine wote wanatazama upande mmoja. Babu peke yake ameelekezwa kwingine. Nilipanda nikamwona, Baba. Nilisimama pale mlangoni mwa pango nikafuata uso wake unakoelekea, na mbali kabisa, ng'ambo ya nyika yote, nikaona Mbololo.

Sikutetemeka hata kidogo. Nilifurahi! Usinishangae. Nilisikia furaha ya ajabu, kama mtu aliyekuta taa inawaka kwenye nyumba aliyodhani imehamwa. Nilimwamkia. Nilimwambia Obadiah yu hai, amesomesha watoto wa wilaya nzima, ana wajukuu na vitukuu, na bado ni mbishi. Crispus alikuwa nyuma yangu na kofia yake mkononi. Derrick, aliyekuja kutafuta injini, alikuwa ameketi kwenye jiwe, hajapiga picha hata moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo huenda likakuudhi. Bibi Wakesho anataka kututolea yule mzee arudi kwake, azikwe Mbololo kwa jina lake na kwa ibada, na msalaba ukitaka. Lakini anasema hawezi kumtoa huku kuna hasira kati ya nyumba hizi mbili. Lazima kwanza mwenye hasira aje atase. Unaijua kutasa kuliko mimi, umeiona ukiwa mtoto: mtu anachukua funda mdomoni, anataja lililomkaa moyoni, anapuliza nje, na hasira inatoka nayo. Alikuwa ameweka maji ya miwa kwenye kibuyu, hata hayajachacha, kwa hiyo usianze kunihubiria habari za pombe. Nilinyoosha mkono nikichukue, nimalize mambo. Akanishika kifundo cha mkono akaniambia hasira hiyo si yangu. Mimi ninayo ya kurithi tu, na ya kurithi haipulizwi. Mwenyewe yuko hai, aje na mdomo wake.

Nami, Baba, nikamwambia utakuja. Sikukuuliza. Nilitoa neno lako kama mtu anayetoa koti la mwenzake, nikataja na siku: Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tom ameshaomba gari kwa rafiki yake, tutakupitia Mahoo asubuhi, Silvanus anapanda treni kutoka Nairobi. Mchungaji wako nimeshazungumza naye. Alikuna kichwa muda mrefu, kisha akasema hajui mstari wa Biblia unaomkataza mtu kutema maji ya miwa na kusamehe. Ukikataa kuja, nitakwenda mwenyewe kumwambia bibi kwamba nilisema uongo, na nitastahili ungo wake. Sitakulaumu. Miaka themanini na zaidi ni mingi, na hasira iliyokaa hivyo ni ya mtu mwenyewe.

Lakini kabla hujaamua, kuna jambo moja ambalo bibi alinieleza mwisho kabisa, tukiwa tumeshaagana, amenishika vidole kwenye mlango wa uzio. Wakati ule mama yake alikuwa na mtoto mchanga wa kiume. Babu alipomsikia akilia, aliomba aletewe. Kifua kilikuwa kinamuuma, lakini aliomba. Walimlaza yule mtoto juu yake, na hakukubali achukuliwe, isipokuwa kwenda kunyonya. Alimchunguza masikio. Alimfungua vidole kimoja kimoja. Alimuuliza mama wa mtoto kama wote wa umri huo hukunja ngumi namna hiyo. Bibi Wakesho anasema baba yake alijaribu kumwambia jina la yule mtoto, naye akaitikia kwa heshima, kisha akaendelea kumwita Obadiah. Alimwita hivyo mpaka mwisho, na hakuna mtu nyumbani humo aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Hakukukimbia, Baba. Alikuwa anakuja kwako.

Nisalimie Abigael na watu wote wa hapo, na umwambie sasa anaweza kuisoma. Tom na Sharon wanakuaga kwa heshima. Mungu akutunze hadi tukutane macho kwa macho, na ule vizuri, njia ya Rukanga ina mashimo.

Mimi mwanao akupendaye,
Mkamburi wa Obadiah wa Mwandoe